Koti la Mwalimu Juu ya Televisheni

Simu yangu ilitumbukia kwenye karo la kuoshea vyombo huko Naivasha, nikaizika ndani ya mchele siku tatu kama nilivyoshauriwa, na haikufufuka. Nikafika nayo Kisii ikiwa maiti mfukoni. Nilikuwa nikirudi nyumbani baada ya miaka mingi, na ukiniuliza kwa nini nilirudi mwezi ule na si mwingine, sitakuwa na jibu la maana. Wewe unanijua. Mimi hufunga mzigo kwanza, sababu nazitafuta nikiwa njiani.

Karibu na soko nilimpata fundi wa simu, kijana mwembamba aliyeketi nyuma ya meza iliyojaa skrubu. Alibadilisha kioo, akapuliza vumbi, akachomeka ndani kadi yake ya filamu.

"Kioo kiko poa, mathe. Wacha tucheki sauti."

Akafungua filamu, yoyote iliyokuwa karibu. Haikuwa na rangi. Mwanamke aliyevaa kofia yenye unyoya mrefu alifungua dirisha, na chini yake mwanamume mrefu, mwenye mkoba wa vyuma vya ufundi, akarudi nyuma kumtazama vizuri hadi akaingia kwenye kidimbwi cha bata. Nilishika ukingo wa meza.

"Simamisha hapo."

"Haijaharibika, mathe. Ni ya kitambo, ndiyo maana haina rangi."

"Najua haina rangi. Simamisha, halafu uniachie humo ndani. Usiifute."

"Hii? Nina za Kinigeria kali kuliko hii."

"Niachie hii."

Alicheka, akainakili kwenye simu yangu. Na mimi nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyebeba yai.

Acha nikueleze. Nyanya yangu, mzaa mama, aliishi Gesima, kwenye mteremko ambao ukidondosha kiazi jikoni unakiokota mtoni. Juu ya nyumba kulikuwa na majani ya chai, chini ya nyumba migomba, na katikati jiko lililotoa moshi asubuhi hadi jioni. Mimi na mama tulihamia pale nikiwa na miaka tisa. Tulitoka Nyansiongo, ambako baba alikamua ng'ombe katika shamba kubwa lililoachwa na walowezi, na tulikaa katika nyumba ya wafanyakazi, chumba kimoja chenye harufu ya maziwa na majani makavu ya mahindi.

Walikosana, mama na baba. Sikuambiwa kwa nini, na umri ule huulizi. Nilichoona ni ndoo ya maziwa iliyopinduka mlangoni, mama akifunga sanduku, na baba ameketi kwenye kigoda akitazama maziwa yakinywewa na udongo, kana kwamba hilo ndilo jambo kubwa lililotokea siku ile. Mama alisema neno moja, baba akajibu neno moja. Tukaondoka. Mama aliusahau mwavuli wake mweusi nyuma ya mlango, akakumbuka tukiwa tumeshafika mbali, lakini hakurudi.

Kwetu, mke akirudi kwao, mume hamfuati kama mtu anayefuata mbuzi aliyekata kamba. Huja na wazee wake. Huketishwa, husemwa mpaka jasho limtoke, hulishwa, ndipo humchukua mkewe. Kwa hiyo tulingoja wazee. Nyanya hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila alipomwona mama amesimama mwisho wa shamba akiangalia barabara, alisema, "Aliyeacha moshi nyuma atarudi kuuangalia moto." Kisha alimpa mama kikapu cha chai mgongoni na kumwambia asipoteze mwanga.

Maisha yenyewe hayakuwa mabaya, na hilo ndilo linaloniuma ninapolikumbuka. Asubuhi nilichota maji, nikafagia ua ungali na umande, nikaenda shule nikiwa na ndizi mbivu mfukoni. Siku za kuuza chai tulipanda na vikapu hadi kituo cha kununulia, na akina mama waliokuwa kwenye foleni walicheka kwa sauti zilizofika bonde la pili. Jioni tulikula ugali wa wimbi, mweusi na mzito, na mboga ya chinsaga iliyopikwa kwenye chungu kwa maziwa hadi uchungu wake ukageuka utamu. Nyanya alinimegea ugali wa pembeni, ule ulioshika moto kidogo, kwa sababu alijua naupenda.

Na Jumapili alasiri kulikuwa na filamu.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na televisheni ndogo na mashine ya video, vitu alivyoachiwa na mzungu mmoja aliyefundisha sekondari kwa kujitolea kisha akarudi kwao. Alimwachia pia mkanda, mmoja tu. Ndani yake kulikuwa na filamu ya Kimarekani ya zamani, ya mapenzi na vichekesho, na hiyo ndiyo tuliyoiona, hiyo hiyo, labda mara nane kwa mwaka, kila mafuta ya jenereta yalipopatikana. Kiingilio kilikuwa ukuni mmoja wa kupikia uji wa shule. Madirisha ya darasa yalizibwa kwa mablanketi. Jenereta ilinguruma nje chini ya upenu, na mvua ikianza, kama ilivyoanza karibu kila alasiri, mabati yalipiga kelele hata usisikie neno la Kiingereza. Haikutuudhi. Wengi wetu tusingelielewa hata kama tungelisikia. Tulimsikiliza mwalimu. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akatueleza kwa Kikisii yanayotendeka, kwa sauti ya kushinda mvua.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke ana kinanda kikubwa sebuleni. Fundi wa vinanda anakuja kukitengeneza, anampenda, na kwa kuwa hana kisingizio cha kurudi, kila akiondoka analegeza waya mmoja ili aitwe tena kesho.

"Fundi amekuja tena," mwalimu alitangaza. "Kinanda hakijaharibika. Mnajua kilichoharibika ni nini."

"Ni yeye mwenyewe!" akina mama waliitikia.

"Sasa wanabishana kuhusu nini, Mwarimu?"

"Ng'ombe wa fundi wameingia kwenye mahindi ya babake huyu mwanamke."

Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja katika filamu ile, wala hindi. Lakini mwalimu aliona ni afadhali wagombane kwa jambo tunalolielewa. Na fundi alipomshika yule mwanamke kiunoni, mwalimu alisema, "Anamwuliza kama nyumbani hawajambo."

"Mbona anamsalimu akiwa amemshika kiuno?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Amerika kuna baridi. Nyamaza utazame."

Mwalimu hakuwa mwongo. Alikuwa na taabu ambayo mtu wa mbali anaweza asiione. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya, lakini si haya ya kuona aibu tu. Ni ukuta wa heshima kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya wakwe. Mwanamume haingii chumba alimoketi mama mkwe wake kama anavyoingia dukani. Hamkazii macho, hafanyi mzaha mbele yake, na jambo lolote la mapenzi wawili hao hawalitazami chini ya paa moja. Sasa fikiria darasa moja lililojaa mama wakwe, wakaza wana, baba na binti zao, wote wanatazama fundi wa vinanda. Mwalimu alikuwa amelibeba darasa zima juu ya ulimi wake.

Mwisho wa filamu ndio uliokuwa mgumu kwake. Mwanamke anagundua ujanja wa waya, anakasirika, anafunga sanduku, anakwenda stesheni. Kofia yake inabaki. Fundi anamfuata hadi stesheni, anasimama nje ya treni na kofia mkononi, mvua inamnyeshea, watu wanampita. Mwanamke yuko ndani ya treni, ameangalia mbele. Treni inaanza kutikisika.

"Anangoja," mwalimu alisema kila mara alipofika hapo, akishusha sauti. "Mwanamume wa kweli hungoja."

Kisha alivua koti lake la bluu, lile la kuendea kanisani siku ya Sabato, akalitandaza juu ya televisheni kama mtu anayemfunika kuku ili atamie. Tukabaki na sauti tu: filimbi ya treni, fidla, mtu anaita, fidla tena.

"Wanafanya nini?"

"Wanasalimiana."

"Salamu ndefu hizo!"

"Hawajaonana siku nyingi."

Watu walicheka hadi madawati yakatikisika. Koti likiondolewa, kwenye kioo palikuwa na maandishi tu yanayopanda juu.

Mimi sikucheka. Unajua nilikuwa nafikiria nini. Mwanamke yule alikuwa na sanduku kama la mama. Alikuwa amekasirika kama mama. Kitu chake kilibaki nyumbani, na mwanamume alikuwa mahali fulani akikitazama. Nilitaka kujua jambo moja tu, nikamfuata mwalimu shuleni Jumatatu.

"Mwalimu, yule mwanamke alirudi nyumbani?"

"Walisalimiana."

"Lakini alirudi?"

"Wewe mtoto, Jumapili ijayo ulete ukuni mkubwa."

Nikaamua kujionea. Koti la mwalimu lilikuwa fupi upande mmoja, na bitana yake ilikuwa imechanika. Mtu aliyeketi sakafuni, karibu kabisa na mguu wa meza, angeweza kuona nafasi ya vidole viwili hivi chini ya pindo.

Jumapili niliyopanga ilikuja. Mama alinisuka nywele tukiwa tumeota jua, tukala ndizi zilizochemshwa na maharagwe, tukateremka shuleni watatu. Nyanya, kwa umri wake, alipewa kiti cha mbele. Mama aliketi dawati la nyuma yake, pembeni. Mimi nikajipenyeza hadi mguu wa meza. Mlango wa darasa ulikuwa mbele, hatua chache kutoka kwangu, umezibwa kwa blanketi. Mvua ikaanza. Fundi akaanguka kwenye kidimbwi, watu wakacheka kana kwamba hajawahi kuanguka. Waya zikalegezwa. Ng'ombe wakaingia kwenye mahindi. Treni ikafika stesheni.

Hapo blanketi la mlangoni likasukumwa, na mwanga ukamwagika ndani.

"Funga mlango, wewe! Tuko Amerika hapa!"

"Nani huyo anatuletea mvua?"

Wao waliona kivuli tu kwenye mwanga. Mimi nilikuwa chini, karibu, nikaona gambuti zenye tope hadi juu, nikazijua. Nikainua macho. Baba alikuwa amelowa kama aliyetolewa mtoni, na mkononi alikuwa na mwavuli mweusi wa mama. Alikuwa ameubeba kutoka Nyansiongo bila kuufungua.

Alikuja peke yake, bila wazee. Nadhani, na hili nalifikiria leo nikiwa mkubwa kuliko alivyokuwa yeye siku ile, kwamba hakutaka kufika nyumbani kwa nyanya mikono mitupu na bila wazee, akasikia kila mtu yuko shuleni, akaona hapo ndipo mahali pa kuonana na mama bila kuvunja desturi. Hakujua kwamba kitu cha kwanza atakachokiona akisukuma blanketi ni mama mkwe wake, ameketi kitini uso kwa uso naye, na kando yake kwenye kioo mwanamume na mwanamke wanatafutana stesheni.

Alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Blanketi likaanguka. Lakini lilibaki limeacha upenyo upande wangu, na kwenye upenyo ule niliona mkono wake. Alinionyesha upande alioketi mama, kisha akauelekeza kwake mwenyewe. Hakuna mtoto asiyeelewa ishara ile. Mwite mamako.

Niliitikia kwa kichwa. Nilimwona akiniona nimeitikia.

Na wakati huo huo mwalimu alisema, "Anangoja. Mwanamume wa kweli hungoja," akaanza kuvua koti.

Nimewaeleza watu wengi habari za utoto wangu, kwenye majiko ya hoteli Mombasa, kwenye mashamba ya maua, kwa mume niliyekaa naye mwaka mmoja na nusu. Sehemu hii huwa naiacha. Nilibaki. Nilijiambia ni kitambo kidogo tu. Mwanamume wa kweli hungoja, mwalimu amesema, na mwalimu hakuwahi kukosea hata hesabu za kugawanya. Yule wa kwenye filamu alikuwa amengoja mara nane, kwenye mvua, na kila mara nilipokuja Jumapili nyingine nilimkuta bado yuko pale. Nililaza shavu kwenye sakafu baridi, nikachungulia chini ya pindo la koti.

Niliona moshi wa treni. Mweupe, umejaa ile nafasi ya vidole viwili kutoka upande huu hadi upande ule. Nilikaza macho hadi yakatoa machozi, na sikuona kingine mpaka koti lilipoondolewa na maandishi yakaanza kupanda.

Nikasimama, nikawapenya watu kwa viwiko, nikatoka nje. Mvua ilikuwa inaisha. Ua wa shule ulikuwa mtupu, na alama za gambuti zilikuwa zimejaa maji, zinaelekea barabarani ambako lori la maziwa hupita. Mwavuli ulikuwa umening'inizwa kwenye chuma cha dirisha.

Mama alitoka amemshika nyanya mkono. Aliuona mwavuli. Aliuchukua, hakuuliza ni wa nani na umefikaje pale. Tulipanda mlima kwenye manyunyu, mama akiwa na mwavuli uliofungwa chini ya kwapa, na nyanya, ambaye hakupenda kulowa, hakusema ufunguliwe. Nami nilitembea nyuma yao nikikanyaga nyayo zao.

Wazee hawakuja mwezi ule wala mwingine. Tulisikia baba ameacha kazi Nyansiongo, amekwenda upande wa Kitale. Halafu tukasikia ameoa huko. Nilipokuwa kidato cha tatu tulisikia amezikwa. Mama alisikia habari hiyo akiwa shambani, akauliza ni ugonjwa gani, akaambiwa, akaendelea kuchuma chai hadi kikapu kikajaa. Nyanya hakurudia tena msemo wake wa moshi.

Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, na sijatulia tangu siku hiyo. Kericho, Mombasa, Malaba, Naivasha. Sijawahi kukaa mahali hata nikapajua paa zake zinavuja wapi. Watu husema nina damu ya kutangatanga. Mimi najua si damu. Ni kwamba nikikaa mahali kwa muda, huanza kuhisi kuna mtu nje ya mlango ananingoja nimwitie mwingine, na mimi bado niko sakafuni.

Basi nikafika Gesima na simu yangu. Nyanya amelala chini ya migomba miaka mingi sasa. Mwalimu naye alikufa, na darasa letu lilibomolewa likajengwa la mawe, lenye madirisha ya vioo yasiyohitaji mablanketi. Njiani nilipita watoto watatu wameketi kwenye ukingo wa barabara, kila mmoja ameinamia simu yake, kila mmoja anatazama chake. Sikuwalaumu. Lakini nilikumbuka madawati yakitikisika kwa kicheko cha watu wote mara moja, nikakumbuka kwamba hata aibu yetu tuliivaa pamoja, chini ya koti moja. Leo mtoto anaona kila kitu na hakuna wa kumwambia kwamba wanasalimiana.

Mama alikuwa barazani, peku, akichambua maharagwe kwenye ungo. Amepungua, mabega yameingia ndani. Tulisalimiana, tukanywa chai, akaniuliza nitakaa siku ngapi, nami nikadanganya kama kawaida. Kisha nikatoa simu.

"Mama, unamkumbuka huyu?"

Alipangusa mikono kwenye leso, akaishika simu mbali na macho. Nilimwona akikunja uso, halafu uso ukafunguka.

"Huyo si fundi wa kinanda?"

"Ni yeye."

"Kumbe wako bado!"

"Walishakufa wote, mama. Ni picha tu."

"Na hawakuzeeka," alisema, kama anayewaonea wivu kidogo.

Tukatazama tukiwa tumeegemeana begani, ungo umesahauliwa. Fundi alipoingia kidimbwini mama alicheka, kicheko kilekile cha foleni ya chai, na fundi alipomshika mwanamke kiuno, mama alisema kabla sijasema, "Anamwuliza kama nyumbani hawajambo." Kisha sanduku likafungwa. Kisha stesheni, mvua, kofia. Nadhani wote wawili tulikuwa tunangoja koti.

Koti halikuja, nasi tukaona.

Mwanamume hakungoja. Alitazama saa kubwa ya ukutani, akaiweka kofia juu ya benchi, akaipangusa maji kidogo, akageuka. Akaondoka. Alikuwa amefika karibu na geti, mgongo kwetu, wakati mwanamke ndani ya treni alipogeuza kichwa akaona benchi yenye kofia na hakuna mtu. Treni ilikuwa imeanza kwenda. Akafungua mlango akaruka. Kiatu kimoja kikabaki. Alikimbia akichechemea ndani ya ule moshi wote mweupe, mbele ya watu, nywele zimelowa, akiita, na yule mwanamume akasimama akageuka. Salamu yenyewe ilikuwa fupi kuliko kunywa maji.

Sasa nilielewa mwalimu alikuwa anafunika nini. Busu lilikuwa jambo dogo. Aliona hawezi, mbele ya mama wakwe wote wale, kutafsiri mwanamke aliyeacha safari akamkimbilia mwanamume mbele ya watu bila kuitwa. Hakuwa na ng'ombe wa kuweka hapo.

Maandishi yakaanza kupanda. Mama hakuirudisha simu.

"Kumbe hakungoja," alisema. Akapangusa kioo cha simu kwa leso. "Kumbe ni yeye aliyeshuka."

"Mama, kuna jambo sijawahi kukwambia. Siku ile ya mwavuli..."

"Nilimwona."

Nikamtazama.

"Nilimwona babako," alisema. "Mtu akishika blanketi vile ningemjua hata gizani. Nilikaa. Nikasema moyoni, acha aniite. Amekuja bila wazee, angalau aite jina langu."

"Aliniambia mimi nikuite. Kwa mkono. Nami nikakaa nitazame mwisho."

"Najua. Uligeuka ukanitazama mara mbili, halafu ukalala chini ya meza." Hakusema kwa hasira. Aliokota harage moja lililoangukia pajani, akalitupa kwenye ungo. "Mtoto wa miaka tisa. Mimi nilikuwa na miguu."

"Na nyanya? Alimwona?"

"Nyanya yako alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akanishika goti. Akanibana hivi." Alinishika goti langu, vidole vyake vikavu vikaingia kwenye nyama. "Mpaka anakufa sikumwuliza. Sikujua alikuwa ananiambia nikae, au ananiambia niende."

Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Manga, na jirani aliita watoto waanue nguo. Nilitaka kumwambia jambo, lolote, lakini maneno yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyabeba miaka thelathini na kitu kwa ajili ya mama ambaye hakujua, na mama huyo hakuwahi kuwako.

"Irudishe nyuma," alisema. "Pale anaposhuka."

Nikairudisha. Mwanamke akafungua mlango wa treni, akaruka, kiatu kikabaki. Mama akatazama bila kupepesa.

"Tena."

Nikairudisha tena. Matone ya kwanza yakagonga bati. Sikuwa nikitazama simu sasa. Nilikuwa nikitazama chini, kwenye sakafu ya baraza, mguu wa mama ulio peku na wenye nyufa, na niliona kisigino kikiinuka polepole, vidole vikikanyaga simiti kwa nguvu, kama vya mtu anayetaka kusimama.